Je, wajua kwa nini tawi lililokufa hushindwa kupukutisha majani?

Mwishoni mwa Novemba nilimpigia shangazi yangu wa Tanga kwa video, nikageuza simu aone uani kwetu hapa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Akaguna. "Mwanangu, miti yenu imekufa yote?" Nikamwambia hapana shangazi, imelala tu. Akasogeza uso kwenye kioo. "Basi mbona lile tawi moja lina majani?"

Jicho lake halikukosea. Uani tuna mti wa mepo, ule ambao jani lake limechorwa katikati ya bendera ya Kanada. Dhoruba ya Julai ilivunja tawi lake moja, likabaki linaning'inia kwa gome. Sasa mti mzima ulikuwa fito tupu, isipokuwa tawi lile lililovunjika: limejaa majani ya kahawia, makavu, yanayochakarika kila upepo ukipita. Aliye hai yuko uchi, maiti ndiye aliyevaa.

Wengi tumezoea kudhani kwamba jani huanguka kwa sababu limekufa, au kwa sababu upepo umelipukutisha. Lakini kata tawi la mwembe uezekee kibanda cha kivuli, uone. Majani yatakauka, yatajikunja, na bado yatang'ang'ania pale pale. Kuangusha jani ni kazi, na maiti hafanyi kazi.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye kitako cha kikonyo, pale kinaposhikana na kijiti. Pana tabaka jembamba la seli lililowekwa tayari tangu jani likiwa changa. Wakati wote jani likiwa na nguvu, hutengeneza homoni iitwayo oksini na kuiteremsha kupitia kikonyo; maadamu oksini inafika, tabaka lile hutulia. Jani likianza kuchoka, oksini hupungua na gesi ya ethilini hupata nafasi. Gesi hiyo si ngeni kwetu. Ndiyo inayoivisha ndizi zikivumbikwa shimoni, na ndiyo sababu parachichi likifunikwa pamoja na ndizi mbivu huiva upesi. Hapa kwenye kikonyo, huziamsha seli za tabaka zitoe vimeng'enya vya kuyeyusha ile gundi inayozishikamanisha. Upande wa pili, upande wa mti, huota utando mfano wa kizibo, kidonda kikazibwa mapema. Mwisho jani hubaki limeshikwa na nyuzi chache za mishipa ya maji. Upepo hukuta kazi imekwisha, ukachukua sifa.

Tawi letu lilivunjika Julai, kabla ya kazi kuanza. Seli zake zilikufa zikiwa zimeshikamana, na hakuna wa kuzifumua. Mialoni michanga ya mtaani nayo huacha kazi hii njiani, ikakaa na majani makavu mpaka karibu na machipuko, lakini hiyo ni tabia yake na haina maana kwamba imekufa.

Mti hujuaje kwamba wakati umefika? Baridi husaidia, ila si ya kutegemewa. Oktoba huweza kuwa na joto, Septemba ikawa na jalidi. Mti hutegemea urefu wa usiku. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta ni vigumu kulihisi jambo hili, maana Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote haifiki saa moja. Hapa Worcester, mwishoni mwa Juni mchana ni wa zaidi ya saa 15. Mwishoni mwa Desemba hubaki saa 9 na dakika chache. Majani yana rangi maalumu inayohisi mwanga na kupima giza. Ukitaka ushahidi, tembea barabarani mwezi wa Novemba uitazame miti iliyosimama chini ya taa za mtaa: matawi yaliyo jirani na taa mara nyingi hubaki na majani baada ya mengine kuwa matupu. Taa imeyadanganya kwamba usiku bado mfupi.

Hata jina la majira haya linatuchanganya. Vitabuni tumeambiwa majira ya majani kuanguka ni "vuli", lakini shangazi akisikia vuli anafikiria mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati miti ya Tanga inapopata uhai. Vuli moja, huku inavua nguo, kule inavalisha.

Kabla ya kulikata jani, mti hulifilisi. Umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, huvunjwavunjwa, na naitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye jani hurudishwa matawini, shinani na mizizini. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya naitrojeni huokolewa hivyo. Ni kama mtu anayehama nyumba ya kupanga: anang'oa pazia, anafungua balbu, anabeba hata misumari. Kinachoanguka chini ni ganda.

Rangi zinazowafanya watu wafunge safari kuja kuzipiga picha hutokana na uhamaji huo. Njano na rangi ya machungwa zilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, zimefunikwa na kijani. Kijani kikiondoka zinaonekana. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo hutengenezwa upya wakati ule ule wa kuhama, kutokana na sukari iliyokwama ndani ya jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa na jua kali na usiku ukiwa na ubaridi usiogandisha. Kwa nini mti utumie nguvu kulipaka rangi jani unalokaribia kulitupa? Wataalamu bado wanabishana. Maelezo yanayoniingia akilini zaidi ni kwamba wekundu ule ni kivuli: unalikinga jani dhaifu lisiunguzwe na jua wakati mali inaendelea kutolewa.

Na msidhani wekundu huo ni wa nchi za baridi peke yake. Mkungu wa pwani, ule wa kungu tulizokuwa tukizipasua kwa mawe na si mkungu wa ndizi, hugeuza majani yake kuwa mekundu kabisa kabla ya kuyaangusha, pale pale ufukweni. Misitu ya miombo ya Tabora hufanya kinyume chake: majani machanga ndiyo yanayochipua yakiwa mekundu, kabla hata mvua haijaanza. Mepo huvaa nyekundu kwa kuaga, miombo kwa kubisha hodi.

Sasa, kwa nini kuyatupa? Jibu la kwanza ni maji, na hapo mepo na mbuyu ni ndugu. Mbuyu hupukutika kiangazi kwa sababu ardhi ni kavu. Jani ni dirisha lililo wazi, linatoa mvuke kutwa, na mizizi haina cha kufidia. Majira ya baridi ardhi ya hapa ina maji tele, lakini yameganda. Kwa mzizi, barafu ni sawa na ukame. Isitoshe, maji yakiganda ndani ya mishipa ya mti hutema hewa iliyoyeyuka humo, na yakiyeyuka hubaki mapovu yanayokata mkondo. Mti wenye majani mapana katika hali hiyo ungekauka ukiwa umesimama kwenye theluji.

Jibu la pili ni uzito. Tarehe 29 Oktoba 2011 theluji nzito yenye majimaji ilikuja mapema kaskazini-mashariki mwa Marekani, miti mingi ikiwa bado na majani. Kila jani likawa sahani. Matawi yalivunjika, mengine yakaangukia nyaya, na wateja zaidi ya milioni 3 wakakosa umeme. Huko Connecticut wapo waliokaa gizani zaidi ya wiki. Theluji kama hiyo ikija Januari hupita katikati ya matawi matupu. Misonobari hubaki ya kijani mwaka mzima kwa sababu majani yake ni sindano nyembamba zilizopakwa nta, hazitoi maji mengi, na matawi yake huinama theluji ikateleza.

Mti mtupu nao haukai bure. Wanga uliohifadhiwa kwenye mbao hugeuzwa kuwa sukari, na sukari huzuia maji yasigande upesi. Ndani ya seli za mbao za mepo na mwaloni maji huweza kubaki kimiminika mpaka karibu nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Mbetula, mti mwingine wa nchi za baridi, una mbinu nyingine: huyatoa maji nje ya seli yakagandie huko, pasipo madhara. Vijiti vyake vikishazoea baridi, maabara imewahi kuvitumbukiza kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, vikatoka hai.

Nilipokuwa nikimweleza shangazi haya, nilisogeza simu kwenye kijiti nikamwonyesha vitumba vidogo vyenye ncha, vimefungwa kwa magamba. Hayo ndiyo majani ya mwakani, yalikwisha kutengenezwa tangu majira ya joto. Hayafunguki kwa sababu mti huhesabu baridi: mpaka upite muda wa kutosha wa ubaridi, joto la siku mbili tatu za Januari haliwezi kuuhadaa. Ndiyo maana aina nyingi za matufaha ya Ulaya hushindwa kuzaa vizuri kwetu, na wakulima wa nchi za joto hutafuta aina zisizodai baridi nyingi. Wakulima wa matufaha wa Java, Indonesia, hupukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno, mti uanze upya.

Mwanzoni mwa Machi nilichukua msumeno nikalikata tawi lile lililovunjika, nikaingia kidogo mpaka kwenye sehemu mbichi. Usiku barafu, mchana jua. Hali hiyo hujenga msukumo ndani ya mepo, na utomvu ukaanza kudondoka pale pale. Kindi alifika kulamba kabla sijashuka ngazi. Nami nikaonja: maji, na utamu wa mbali sana. Wanaochemsha utomvu huo mpaka uwe mzito, ukaitwa asali ya mepo, huhitaji kama lita 40 kupata lita 1.

Nikamtumia shangazi video. Baadaye ukaja ujumbe wa sauti, anacheka: "Kumbe na nyinyi huko mnagema! Mnazi wenu tu ndio unaovua nguo."