Je, wajua kwa nini vinundu vya soya ni vyekundu ndani?

Ingia shamba la soya upande wa Mbozi au Mbalizi, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, maua yanapoanza kuchungulia kwapani mwa majani. Usiung'oe mche kwa kuuvuta, maana unachokitafuta kitabaki ardhini. Chimba pembeni kwa jembe, unyanyue na udongo wake, kisha suuza mizizi kwenye ndoo. Utaona vinundu vya mviringo, vingine kama punje ya mtama, vingine kama njegere ndogo.

Wapo wanaoviona wakadhani ni minyoo fundo, wale wanaotesa nyanya. Sukuma kimoja kwa ukucha. Kinundu cha soya kimeshikizwa tu ubavuni mwa mzizi, kinabanduka. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki.

Sasa kipasue. Ndani ni pinki, pengine nyekundu kama kimechomwa sindano ya damu. Na kweli ina undugu na damu: rangi hiyo ni ya protini iitwayo leghemoglobini, jamaa ya himoglobini yetu. Zote mbili zina madini ya chuma, zote hubeba oksijeni.

Mmea una haja gani na kitu hicho? Ni kwa ajili ya wapangaji wake. Ndani ya kinundu wanaishi bakteria wa kundi la Bradyrhizobium, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kodi wanayodai wao ni kinyume: soya ndiyo inayowalipa, kwa sukari. Tatizo ni kwamba kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteria bila oksijeni hawapumui. Hapo leghemoglobini huishika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo, kama mama anayepakua nyama siku wageni wamezidi sufuria.

Kwa hiyo wekundu maana yake kazi inaendelea. Kinundu cheupe huenda bado kichanga, au kimekaliwa na bakteria wavivu. Cha kijani kimechoka, na mbegu zikiwa zinajaa kwenye maganda hilo si ugonjwa. Sukari imehamia huko.

Huku kwetu kosa ninaloliona sana ni kuilea soya kama mahindi, kuimwagia urea ya kukuzia. Ikipata naitrojeni ya bure haihangaiki kulisha wapangaji, na vinundu vinakuwa haba. Inachohitaji zaidi ni fosforasi wakati wa kupanda, na chokaa pale udongo ulipo na tindikali kali, jambo la kawaida nyanda hizi.

Kingine: soya asili yake ni Asia Mashariki, na bakteria wake hawapo kwa wingi kwenye mashamba ambayo haijawahi kupandwa. Hata kama shamba limelimwa maharage tangu enzi za babu, haisaidii, kwa kuwa bakteria wa maharage ni wengine. Ndiyo maana mbegu hupakwa unga wa bakteria kabla ya kupanda. Lowanisha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, changanya kivulini, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, na ufukie mara moja. Beseni likiachwa juani wakati watu wanakunywa chai, umepanda mbegu tupu.