Matundu si lazima yanyonye maji

Hapa Kigoma, taja tofali la povu la kioo (unga wa chupa uliochanganywa na kitu cha kuuumua, ukachomwa tanurini) uone: "Lina matundu hilo, mvua za Novemba zikianza litalewa maji." Jamani, hapana! Yanayonyonya ni matundu yaliyotobokeana. Tundu lililozibwa pande zote na ukuta wa kioo halipitishi maji, hata yawe maelfu.

Uliza kwanza limeumuliwa kwa kitu gani.

Chupa osha, kausha, saga hadi unga upite chekeche ya milimita 0.1, na vaa barakoa. Taa za mirija usiziguse, zina zebaki.

Sasa kiumushi, yaani kile kinachotoa gesi ya kuumua kioo. Wengi hukimbilia maganda ya mayai kwa kuwa wauza chipsi wanayatupa. Karibu yote ni kalsiamu kaboneti. Asilimia 1 hadi 3 ya uzito inatosha. Yanaumua kweli, ila kioo kikishalainika, kwenye nyuzi 750 hadi 850, gesi hutoka kwa mkupuo, inapasua kuta, matundu yanaungana. Tofali hilo ndilo linalonyonya, na ndilo lililoharibu jina la mengine yote. Tena usizidishe kiumushi ukitafuta wepesi: povu linaporomoka kama andazi lililozidi hamira.

Kwa ukuta wa nje tumia mkaa uliosagwa laini, usiozidi asilimia 1, na kalibu (chombo cha kuchomea tofali) lifunikwe, la sivyo mkaa unaungua kabla kioo hakijalainika. Ukipata silikoni kabaidi, ule unga mgumu wa kusagia na kunolea, bora zaidi.

Majivu ya pumba za mpunga yananitia mashaka ambayo vitabu huyaruka. Meusi yana kaboni, yanaumua. Meupe ni silika karibu tupu, yanadai joto zaidi. Gunia moja la mashineni huwa na yote mawili, kwa hiyo siwezi kumwahidi mteja uzito wa tofali la majivu.

Kupoza: kuanzia nyuzi 560 shuka taratibu, usifungue tanuri. Likipoa ghafla linapasuka.

Kuelea si kipimo. Hata lenye matundu wazi huelea mwanzoni. Kata mchemraba wa sentimita 10 kutoka katikati, maana ngozi ya juu huficha mengi. Upime, uzamishe saa 24 ukiukandamiza kwa jiwe, futa, pima tena. Zikiongezeka gramu 30 au 50, maji yako kwenye vitundu vilivyokatwa tu. Zikifika 400, matundu yametobokeana.

Hilo la 400 usilitupe. Lipeleke ndani, kwenye ukuta wa chumba cha mashine ya kukoboa: kumeza kelele kunahitaji matundu wazi.