Kamendegere si sungura, wala si ndugu wa jeboa

Ukipita usiku kwenye nyanda za Naivasha au Elementaita, taa za gari huenda zikamulika macho yanayodunda juu na chini gizani. Huyo ni kamendegere, na kila abiria atampa jina tofauti.

Wengi husema ni sungura. Siye. Sungura ana meno mawili madogo yaliyojificha nyuma ya yale makubwa ya juu, kamendegere hana. Yeye ni mgugunaji, pamoja na panya na nungunungu. Wengine humwita kangaruu mdogo, lakini hana mfuko wa kubebea mtoto.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba wagugunaji wote wanaoruka kwa miguu ya nyuma ni ukoo mmoja. Hata wataalamu wa zamani waliamini hivyo, wakamweka kamendegere pamoja na jeboa, yule mrukaji mdogo wa majangwa ya Afrika Kaskazini na Asia. Siwalaumu, maana wote wawili wana mkia mrefu na tundu pana chini ya jicho linalopitisha msuli wa taya. Mguu ndio unaowatenga: mifupa mitatu ya kati ya wayo wa jeboa imeungana ikawa mmoja, ya kamendegere haikuungana. Vinasaba navyo vimethibitisha kwamba ni koo mbalimbali. Panya-kangaruu wa Marekani ana familia yake ya tatu, na panya warukao wa Australia wamo katika familia ya panya wa nyumbani. Kila mmoja alianza kuruka kivyake, kwenye ardhi kavu iliyo wazi ambako anayebadili mwelekeo ghafla humponyoka bundi.

Basi jamaa wa kamendegere ni nani? Mtafute msitu wa Kakamega, juu mitini! Kuna mnyama mwenye magamba chini ya mkia, anayetanda ngozi yake na kuteleza hewani kutoka mti hadi mti. Watu humwita kindi, ingawa si wa familia ya kindi. Huyo ndiye wa damu yake. Mimi huona ajabu kubwa kwamba Kenya inao wote wawili.

Mkulima akimkuta kamendegere akifukua mahindi husema, "Muue tu, hawa huzaana kama panya." Si kweli, na dhana hii humdhuru mnyama mwenyewe. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja.