Kaskazi ikivuma, panda kusini

Juzi tena, barazani hapa Malindi, kijana mmoja kanionyesha picha yake yuko juu ya Lenana, kilele cha tatu cha Mlima Kenya. "Ami, Januari narudi kumalizia Batian, kile kirefu kuliko vyote. Kiangazi, mlima wote mkavu." Utapanda wapi? "North Face Standard, ile ya ukuta wa kaskazini, si ndiyo nyepesi?" Kikombe cha kahawa nusura kinidondoke. Huyu si wa kwanza, wala wa kumi.

La Lenana, kudhani ukifika hapo Batian ni kumalizia tu, nalipitia mbio, nimelichoka. Sirimon, Naro Moru na Chogoria ni njia za miguu, na za miguu zinaishia Lenana, mita 4,985. Pana heshima yake pale: bendera ya uhuru ya 1963 Kisoi Munyao aliipandisha hapo hapo. Ila kilele cha Nelion ni mita 5,188 na Batian 5,199, na huko hufiki bila kamba. Wala hizo mita 214 hazianzii Lenana. Ukitokea upande huo unashuka kwanza, unavuka barafu ya Lewis, au kilichosalia chake, ndipo unashika mwamba.

Sasa jua, maana ndilo linalonitoa povu. Mlima Kenya uko chini kidogo tu ya ikweta. Disemba mpaka mapema Machi jua liko kusini: ukuta wa kusini-mashariki unapigwa, theluji inayeyuka, nyufa zinakauka. Wakati huo huo ukuta wa kaskazini umekaa kivulini, nyufa zimejaa barafu. Julai mpaka Septemba mambo yanageuka. Kwa hiyo hakuna kiangazi cha mlima wote. Kila ukuta una chake.

Na sisi wa pwani ndio tungekuwa wa kwanza kulielewa hili, kwani pepo zetu hufuata jua hilo hilo, zikikimbilia upande lilikohamia. Kaskazi ikivuma, jua liko kusini, basi panda kusini. Kusi ikivuma, panda kaskazini. Si kusi yote, lakini. Mwanzo wake ni masika, na masika kaa nyumbani ule muhogo.

Yule kijana basi hakukosea njia, alikosea nusu mwaka. North Face Standard, waliyoifungua Firmin na Hicks 1944, ndiyo njia ya kawaida ya kupanda Batian moja kwa moja, na daraja lake la ugumu ni la mwamba mkavu. Ukiikuta na barafu ndani ya nyufa, daraja lililoandikwa kitabuni halikusaidii kitu. Januari mtu anapanda Nelion kwa Normal Route, njia ya ukuta wa kusini-mashariki, ya Shipton na Wyn Harris, 1929. Akitaka Batian kutokea hapo, anavuka Gate of the Mists, lile pengo kati ya vilele hivyo viwili. Tofauti ni mita 11, kwenye karatasi kichekesho, lakini kwenda na kurudi kunaweza kukumalizia siku. Ndiyo maana Ian Howell alijenga kile kijibanda juu ya Nelion, 1970. Kulala humo si raha. Kulala nje ni balaa.

Wapanda barafu nao wanataka kinyume cha haya yote: kivuli. Diamond Couloir, korongo la upande wa kusini-magharibi alilolipanda Phil Snyder na Thumbi Mathenge 1973, msimu wake ni jua likiwa kaskazini. Au ulikuwa. Siku hizi barafu ya sehemu ya chini mara nyingi haipo, na unaanza na mwamba uliolowa.

Hapo ndipo na mimi naanza kusita. Sheria ya jua ilitungwa mlima ukiwa na barafu nyingi, na inadhani mwamba mkavu ndio mwamba salama. Lakini barafu ilikuwa saruji ya mawe yale. Ikiondoka, jiwe lililotulia miaka na miaka linabaki halina kinacholishika, na linalolilegeza ni jua lile lile ninalowaambia watu walifuate. Sheria bado naifundisha, sina bora yake. Nimeongeza tu kwamba uanze kabla hakujapambazuka, uvuke makorongo kabla jua halijayafikia, na helmeti haivuliwi hata kwa picha. Mwenye kampuni moja ya safari aliniambia maneno hayo yanatisha wateja. Na yawatishe.