Kalafati si kiraka

Chombo cha mbao kikivuja, hatukosi kuambiwa kwamba mafundi "wanatia kalafati matundu". Hapana. Kalafati ni nyuzi za pamba zilizochovywa mafuta, zinazopigiliwa kwa patasi na nyundo kwenye mishono ya mbao ili maji yasipite. Tundu halihusiki.

Nenda Matondoni, kisiwani Lamu, kwa waunzi wa majahazi. Utakuta chombo kipya ambacho hakijaonja maji: mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, umelazwa, mataruma, yaani mbavu zake, yamesimama, mbao zimeshapigiliwa misumari, na fundi amechuchumaa anatia kalafati mshono baada ya mshono. Hakuna kilichoharibika. Fundi awe hodari namna gani, ubao na ubao haviumani kabisa. Chombo kikishushwa, mbao hunywa maji, zikavimba, zikaibana ile pamba. Chombo kilichokaa juani muda mrefu huvuja kikirudi majini kwa sababu hiyo hiyo: mbao zimekauka, pamba imelegea. Bado hakijatoboka.

Neno lenyewe limetembea kuliko majahazi yenyewe. Waturuki wana kalafat, Wareno humwita fundi wa kazi hii calafate, Waarabu wana qalfata, na nani alimwazima nani ni ubishi wa wanaisimu hadi leo. Mfalme Michael V wa Bizanti, aliyetawala kuanzia 1041 hadi 1042, anajulikana kwa lakabu ya Kalaphates kwa kuwa baba yake alikuwa fundi kalafati. Ana taji kichwani, na bado watu wanamwita kwa pamba ya mzee wake!

Kisha wapo wanaosema "kupaka kalafati". Hao wamekusudia deheni: shahamu iliyochanganywa na chokaa, inayopakwa chini ya chombo kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Deheni hupakwa, kalafati hutiwa. Ukikosea mbele ya fundi atakutazama tu, aendelee na kazi yake.

Nadhani methali ya kuziba ufa ndiyo iliyotupoteza. Mshono si ufa. Mshono chombo huzaliwa nao. Ubao ukipasuka kweli, fundi huutia kiraka, au huung'oa akaweka mwingine, nasi tuseme hivyo hivyo: ametia kiraka, amebadilisha ubao. Kalafati itafuata baadaye, kwenye mishono ya huo ubao mpya.