"Benki ilinila": dhana potofu kuhusu kufunga bei ya dola

Tangu 2024 waagizaji wa Nakuru na Kisumu wananiambia neno lilelile: "Sirudi kwenye fowadi, benki ilinila." Fowadi ni mkataba wa kufunga leo bei ya dola utakazonunua benki baadaye. Nimelisikia kwa wauza vipuri vya trekta, kwa wauza pampu, hata kwa wahasibu ambao ni kazi yao kujua.

Tuchukue mwagizaji wa pampu za maji. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Yeye alikuwa na dola 50,000 za kulipa Aprili, akafunga bei na benki yake kwa 163. Februari serikali ikatoa Yurobondi mpya, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile iliyokuwa ikiiva Juni, hofu ya deni ikapungua, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Anatoa, anazidisha, anapata shilingi milioni 1.65 na kusema ameibiwa.

Hakuibiwa. Siku ya kutia sahihi alishapanga bei ya pampu kwa dola ya 163, na faida yake ilikuwemo. Kufunga bei ni kinga, na kinga hupimwa pamoja na kile inachokilinda, na kwa yale yaliyojulikana siku hiyo. Dola ingefika 190 angeniita mtaalamu, ilhali uamuzi ungekuwa uleule. Lalamiko moja nalikubali: mshindani ambaye hakufunga alileta pampu kwa 130, akashusha bei, wateja wakahamia kwake. Hatari hiyo ipo kweli. Ndiyo maana nashauri, na nitashauri mpaka nistaafu: funga nusu, au theluthi mbili kama faida yako ni nyembamba, na kabla ya sahihi uandike kwenye karatasi unalinda nini, na dola ikifika shilingi ngapi biashara hailipi tena. Anayefunga pale tu anapohisi dola itapanda anabashiri, ajiite mwangalifu asijiite. Wako wengi: mwaka 2007 Géczy, Minton na Schrand walichapisha utafiti kuhusu kampuni za Marekani zinazokiri kwamba hisia zao kuhusu soko huingia kwenye mikataba hii.

Kutoka hapo huja dhana nyingine, kwamba bei ya fowadi ni utabiri wa benki. Ni hesabu ya riba tu. Dola ikiwa 160 leo, riba ya shilingi asilimia 13 na ya dola 5, bei ya miezi 6 itakuwa kama 166, hata kama hakuna mtu benki anayeamini dola itafika huko.

"Kinga ni ya kampuni kubwa." Ni kweli kubwa ndizo zinazojikinga zaidi, kwa kuwa zinamudu wataalamu, lakini mdogo ndiye anayeweza kufilisika kwa pigo moja. Tena si lazima mkataba: mkulima wa maua wa Naivasha anayelipwa kwa yuro na kukopa kwa yuro ameshajikinga. Msagaji wa mahindi anayeuza kwa shilingi na kukopa dola kwa sababu riba ni nafuu amejitafutia balaa.

"Utafiti umethibitisha kinga huongeza thamani ya kampuni." Allayannis na Weston, 2001, walikuta ongezeko la karibu asilimia 5 kwa kampuni zilizotumia mikataba ya sarafu. Jin na Jorion, 2006, walipochunguza wazalishaji wa mafuta na gesi wa Marekani hawakuona tofauti. Anayekuuzia kinga kwa kutaja utafiti wa kwanza pekee, mwulize huo wa pili.

"Soko lina mdhibiti, pesa yangu haipotei." Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hutoa leseni na kusimamia madalali, wakiwemo wa biashara ya sarafu mtandaoni, hairudishi hasara ya aliyekisia vibaya. Soko la NEXT lililofunguliwa Nairobi Julai 2019 lilianza na fyucha, yaani mikataba ya sokoni ya kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyopangwa leo, za fahirisi ya hisa na za hisa mojamoja, si za dola; fowadi yako ya dola ni mkataba na benki, ambayo msimamizi wake ni Benki Kuu. Dalali akikupigia simu, tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Mamlaka kabla ya kutuma hata shilingi moja.