Simu imejaa? Usianze na picha za watoto

Simu ya GB 32 ikisema nafasi imekwisha, wengi hukimbilia kufuta picha zao wenyewe. Mimi naziacha hadi mwisho. Mara nyingi mzigo uko kwenye makundi ya WhatsApp: harusi, msiba, kikoba, wazazi wa darasa la tatu.

Funga bomba kwanza, ndipo udeki. Katika mipangilio ya WhatsApp fungua sehemu ya hifadhi na data, kisha ondoa alama kwenye video, sauti na nyaraka ili zisijipakue zenyewe. Fanya hivyo kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia. Kosa ninaloliona kila mara ni kuzima upande wa data tu ili kuokoa bando. Mtu akifika kazini akikamata Wi-Fi, video zote za kutwa zinashuka kwa mkupuo. Ujumbe wa sauti utaendelea kushuka wenyewe, hauathiriki.

Hapohapo ingia panaposimamiwa hifadhi. Utaona faili zinazozidi MB 5, zilizosambazwa mara nyingi, na chini yake kila kundi na uzito wake. Zilizosambazwa mara nyingi ni salamu za Ijumaa, vichekesho na "tangazo muhimu" la mwaka juzi: chagua zote, futa. Video moja ikiwa imeingia kupitia makundi matatu, kubali kufuta na nakala zake, la sivyo nafasi hairudi. Faili kubwa nazo zipitie moja moja, tafadhali. Risiti ya ada na hati ya kiwanja hujificha humo, na ukishafuta huenda ukalazimika kumwomba aliyekutumia akutumie tena.

Kuna pengine ambapo galari haikuonyeshi. Kila video unayotuma huacha nakala kwenye folda iitwayo Sent. Kwenye Android fuata njia hii: Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Video/Sent. Futa yaliyomo, ila folda ya Databases usiiguse. Humo mna nakala rudufu za mazungumzo yako.

Picha zako sasa. Kwenye Google Photos, ukifuta picha iliyokwisha kuhifadhiwa mtandaoni, inaondoka kote, simuni na mtandaoni, na hukaa kwenye pipa siku 60 tu. Ukitaka ibaki mtandaoni, tumia kitufe cha kuongeza nafasi. Hicho huondoa nakala ya simuni peke yake.